Mikono Mirefu ya Blauzi ya Malkia

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa mlango usio wangu. Nilipanda hadi ukumbi wa juu, ambako watu walikuwa wamevua viatu wakiimba, nikasimama pale na mkasi wangu mkobani mpaka mzee mmoja aliponionea huruma akaniteremsha ngazi hadi chini kabisa ya jengo. Huko chini ndiko kulikokuwa na ghala la maleba, yaani mavazi ya wachezaji wa jukwaani, na huko ndiko nilikofanya kazi miaka kumi na minne. Jengo lenyewe lilikuwa jumba la utamaduni la Wahindu waliotoka Afrika Mashariki, upande wa Don Mills hapa Toronto. Kila mwaka, majani yanapoanza kuanguka, walicheza jukwaani visa vya tenzi zao kuu za kale. Mimi ni Mkristo, Mpare wa milimani, na Wahindu niliwajua kwa cherehani tu, maana ushonaji nilijifunza kwenye duka la Mhindi mmoja pale Moshi kabla sijaolewa.

Aliyenipokea alikuwa Msimamizi wa Maleba, bibi mfupi mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alihakikisha najua hivyo. Aliniagiza nioshe mikono kabla ya kugusa uzi wa dhahabu kwa sababu jasho huupausha. Akanifunga mto wa pini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Kisha akaniingiza kwenye kona ya kupimia, kijichumba chenye kioo na kigoda, akavuta pazia nyuma yetu.

"Humu utaona makovu, utaona matumbo, utaona mambo ambayo hata waume zao hawayajui," alisema. "Ukitoka nje ya pazia, hukuona kitu. Siku utakayosema neno moja, hakuna mwanamke atakayevua nguo mbele yako tena. Umenielewa, binti?"

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, naye ananiita binti. Nikamjibu kwamba nimeelewa.

Ninyi mnaoshona sasa mna mashine zinazodarizi zenyewe mkiwa mnakunywa kahawa. Siwaonei wivu, ila msidhani sisi tulikuwa tunabahatisha. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha makoti kaskazini mwa jiji, nashona mifuko ya kushoto tu. Ya kulia ilikuwa na mtu wake. Msimamizi wa Zamu alituita kwa namba za cherehani zetu, na nikawa naogopa kwamba nikikaa zaidi nitasahau jinsi ya kushona gauni zima. Kwa hiyo kule ghalani, ingawa ilinilazimu kupanda basi na treni kutoka kwangu Dixon kila asubuhi ya baridi, nilijiona nimerudi kuwa fundi.

Maleba si nguo ya kuvaliwa kanisani. Mchezaji ana dakika tatu za kubadili vazi gizani, hivyo vifungo vya mbele ni vya urembo, na nyuma kuna vishikizo vikubwa ambavyo vidole vinavipata bila macho. Chini ya kwapa tunaweka kikwapa, kipande cha pembe nne kinachomruhusu kuinua mkono bila kupasua mshono. Kila kitu hupigwa bandi kwanza, mishono mirefu ya muda ambayo hufumuliwa baada ya kipimo cha mwisho. Msimamizi wa Maleba alinifumulisha blauzi yangu ya kwanza mara nne. Nilimchukia kwa juma zima, na bado nashona bega kama alivyonifundisha.

Na kanuni yake ya pazia niliiona ikifanya kazi. Kulikuwa na mama mmoja mchezaji wa ngoma aliyekuwa ameondolewa titi. Nilimshonea kifuko cha pamba ndani ya blauzi, akacheza miaka minne na hakuna aliyejua, hata Mkurugenzi aliyeongoza michezo. Kila sikukuu yao ya taa aliniletea sahani ya peremende za maziwa bila kusema ni za nini. Nikaamini kwamba kunyamaza ndiyo nusu ya ufundi wangu, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mkurugenzi wa Michezo alikuwa mwalimu mstaafu wa Mwanza. Aligomba kwa lugha tatu, na mchana alilala juu ya marundo ya pazia akikoroma mpaka sindano zinatikisika. Nilimwambia mapema kwamba siwezi kumshonea mtu nisiyemjua, basi anieleze hawa malkia ni akina nani. Akaja na chupa ya chai ya tangawizi, akakaa kwenye kigoda changu, na kwa siku tatu akanisimulia.

Alianza na binti mfalme aliyejichagulia mume. Wanaume kutoka falme zote walipangwa mstari, naye akapita mbele yao na shada la maua mkononi, akamvika aliyemtaka. "Unaona, Mama Neema?" alisema Mkurugenzi. "Huku wanadhani uhuru wa mwanamke wameuleta wao." Alijivunia kisa hicho mno, na kwa kweli hata mimi kilinifurahisha, kwa sababu huko kwetu mahari yangu ilizungumzwa nikiwa shambani.

Cha pili kilikuwa cha malkia aliyewekwa rehani kwenye mchezo wa kete. Mfalme mumewe alipoteza ufalme, akawapoteza ndugu zake, akajipoteza mwenyewe, halafu akamweka mkewe, akampoteza naye. Malkia akakokotwa kwa nywele mpaka barazani. Akawauliza wazee waliokuwa wamekaa pale, wenye elimu yote ya sheria: mume wangu alipojipoteza mwenyewe akawa mtumwa, alikuwa na haki gani tena ya kuniweka mimi? Wazee hawakumjibu. Mmoja wa maadui walioshinda kete akaanza kumvua nguo mbele ya watu, na Mungu wake akaifanya ile nguo isiwe na mwisho, ikavutwa na kuvutwa mpaka mvutaji akachoka. Cha tatu kilikuwa cha malkia aliyetekwa, akakombolewa, kisha akatakiwa kupita motoni ili athibitishe kwamba hakuguswa. Alipita. Miaka baadaye watu wakaanza kusema tena, akatakiwa athibitishe mara ya pili, na safari hiyo akaiomba ardhi imfungukie, akaingia.

"Yule wa kete," nilimuuliza, "lile swali lake walikuja kumjibu?"

"Hapana. Mungu alimpa nguo."

"Lakini aliomba jibu."

Mkurugenzi alikunywa chai yake akanitazama juu ya miwani. Akasema wanafunzi wa namna yangu ndio waliomfanya astaafu mapema.

Ile nguo isiyo na mwisho ilikuwa kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Sari moja haitoshi hata kuanza, kwa hiyo niliunganisha sari saba za rangi ya zafarani kwa mshono bapa, ule unaolala usionekane wala kukwaruza ukivutwa. Ya kwanza alivikwa mchezaji na marinda yake yote. Zilizobaki zilipita kwenye tundu la kiti cha enzi hadi nyuma yake, na nyuma ya kiti nilijikunyata mimi, nikizitoa polepole kwa mikono miwili. Watazamaji hawakuwahi kuniona. Hivyo kila mazoezi na kila onyesho nililisikia swali la malkia nikiwa hatua mbili kutoka miguuni kwake, nimejificha, nimeshika kitambaa.

Mwaka wangu wa saba akaja Nalini. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Mwanza, aliyeletwa Toronto na ndoa. Mchana alifanya kazi kwenye duka la dawa. Aliponikuta na chaki mdomoni alinisalimu "Shikamoo, Mama," akasema amefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu huku Kiswahili chake kilikuwa kinaoza. Toka hapo kila mazoezi yakiisha alishuka ghalani tukapiga soga, za samaki wa kukaanga na za walimu wa kike waliokuwa wakali. Alinitania kwamba Wapare hatuwezi kutupa hata uzi wa sentimita mbili. Ni kweli, nilikuwa na kopo zima.

Alipewa kucheza malkia wa kete. Siku moja katikati ya mazoezi alisimamisha kila kitu, akamuuliza Mkurugenzi kwa nini wazee wa barazani wanatazama chini. Kama wangemtazama usoni, alisema, ingekuwa vigumu kwao kunyamaza.

"Ndiyo maana wanatazama chini," Mkurugenzi alimjibu. "Jibu wanalijua. Asiyelijua angekuwa anatazama huku na huku akilitafuta."

Nyuma ya kiti nilitikisa kichwa, nikaona Mkurugenzi amesema kweli.

Juma moja kabla ya onyesho Nalini alikuja kwa kipimo cha mwisho. Nilivuta pazia. Akavua koti, akavua sweta, akabaki na fulana isiyo na mikono. Kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko, kulikuwa na alama nne za vidole, nyeusi kama zambarau. Wa kushoto alama zilikuwa za manjano, za zamani kidogo, na moja ndefu iliyoshuka hadi kwenye kiwiko chenyewe. Nilijua ni nini. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mama yetu alivaa kitenge mabegani hata wakati wa jua kali.

Alisimama wima akinitazama kwenye kioo, si kama mtu mwenye haya, bali kama mtu anayesubiri zamu yake ofisini. Na mimi nikatazama chini. Nilijifanya natafuta ncha ya uzi kwenye mto wa pini, nikaitafuta kwa muda mrefu sana.

"Nadhani malkia atapendeza zaidi akiwa na mikono mirefu," nilisema.

Alininyooshea mikono niipime. "Kama unaona hivyo, Mama, sawa."

Kitambaa cha blauzi kilikuwa kimekwisha. Nikafumua vazi la zamani la mama mkwe wa mfalme, nikapata hariri inayokaribiana, nikaiunga kwenye mkono wa blauzi na kuuficha mshono kwa taraza ya dhahabu, utepe mwembamba uliozunguka mkono mzima. Nikaongeza kikwapa kipana ili aweze kuinua mikono anapouliza swali lake. Ilikuwa kazi safi. Naona haya kuwaambia kwamba niliifurahia, kwamba niliitundika nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama nikajisifu moyoni. Msimamizi alikuwa ameshafariki, nami nikatamani angeiona.

Mumewe alikuja siku ya mazoezi ya mavazi. Alikuwa mtu mwenye adabu, viatu vinang'aa hata kwenye mvua, na hakukosa boksi la maandazi ya sukari kwa ajili yetu wafanyakazi. Alikulia Nairobi, hivyo tulielewana. Alimzunguka mkewe, akashika mkono wa ile blauzi kwa vidole viwili akapima uzito wa kitambaa.

"Asante sana, Mama," aliniambia. "Hivi ndivyo mwanamke wa heshima anavyovaa."

Nilimwambia karibu. Hilo ndilo neno nililomjibu, na siku hizi linanijia nikiwa naosha vyombo.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana na ukumbi ulijaa. Nilikuwa nyuma ya kiti. Nalini aliuliza swali lake kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mazoezini, ya chini, ya mtu anayezungumza na watu anaowafahamu. Wazee wakatazama chini. Nikatoa kitambaa, sari ya pili, ya tatu, ya nne, na juu yangu nikasikia watu wanalia. Mimi nilikuwa nahesabu mishono isikwame tunduni mwa kiti.

Majuma mawili baadaye Mkurugenzi aliniita juu ofisini, jambo asilolifanya kamwe. Aliniambia Nalini yuko hospitali. Mumewe alikuwa amemvunja kiwiko kwa mlango wa jikoni, akamsukuma ngazini akaumia kichwa, na jirani ndiye aliyeita polisi. Kichwa kingepona, daktari alisema, lakini mkono ule usingenyooka tena. Kisha akaniuliza kama nilijua.

"Mimi nilipima tu," nilisema.

Mkurugenzi hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena, na wote wawili tukakaa tukitazama zulia.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi. Neema kakulia hapa, nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, nimezoea. Nilimweleza kwamba kazi yetu ina kanuni, kwamba pazia ni pazia, kama vile wao hospitalini wasivyotangaza siri za wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno.

"Hiyo kanuni ilikuwa inamlinda nani, Mama?"

Yule mama wa kifuko cha pamba, kanuni ilimlinda. Siri ilikuwa yake mwenyewe na alinikabidhi niitunze. Alama za mikono ya Nalini zilikuwa siri ya mtu mwingine, nami nikamtunzia yule mtu kwa hariri na taraza. Tofauti hiyo hata mtoto angeiona, ila mimi ilinichukua mkono wa mwenzangu kuvunjika ndipo niione. Na hata baada ya kuiona sikwenda hospitali. Nilituma maua kwa jina la ghala zima.

Mwaka uliofuata malkia alikuwa mwingine na blauzi ilikuwa ile ile. Ilimtosha, akaipenda. Aliyemfuata naye akaitaka hivyo hivyo, na ilipochakaa nikaagizwa nishone mpya kwa kuiga ile. Mkurugenzi wa kwanza alistaafu. Akaja wa pili, kijana mzaliwa wa hapa, msomi, mchangamfu, na mwaka mmoja katika kijitabu cha onyesho aliandika kwamba mikono mirefu ya malkia wetu inafuata desturi ya kale na kuonyesha staha ya wanawake wa zama zile. Nilikisoma nikiwa nimesimama karibu na pasi. Nilijua umri wa desturi ile, nilijua na siku iliyozaliwa. Nikakikunja kijitabu nikakitia mfukoni, nikaendelea kupiga pasi.

Tangu hapo nimewaza sana juu ya zile tenzi. Wenyewe wanabishana: wengine wanasema zinamtukuza mwanamke, na wanakuonyesha shada la maua, wengine wanasema zinamkandamiza, na wanakuonyesha moto. Mimi si msomi, wala hiyo si dini yangu. Nasema kama fundi niliyefumua nguo nyingi za watu wengine: vazi la zamani likipita mikono mingi, huwezi kujua kipande kipi kilikatwa na fundi wa kwanza na kipi kiliongezwa baadaye na mtu aliyetaka kitu fulani kisionekane. Ila lile swali la barazani nadhani ni la fundi wa kwanza. Hakuna aliyethubutu kulifumua, na hakuna aliyelijibu.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na mitatu, macho yameanza kukataa sindano ndogo. Walinifanyia hafla ya chai na sambusa, Katibu wa jumba akasoma hotuba, na wakaniambia nichague vazi moja la ghalani liwe langu. Walidhani nitachukua lile joho la mfalme lenye vioo. Nikachukua blauzi ya zamani, ile ya kwanza, iliyokuwa imepauka kwenye kwapa. Walicheka wakasema Mama Neema hatupi kitu.

Nyumbani kwangu Dixon niliiweka mezani, nikavaa miwani, nikafumua mikono yote miwili. Taraza kwanza, kisha hariri, kisha kikwapa. Mishono yangu ilikuwa imara, ikanichukua siku nzima. Jumamosi yake Neema akanipeleka kwa gari mpaka Vaughan, ambako Nalini alikuwa akiishi na dada yake.

Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele alikuwa amekata fupi. Aliniambia ni kwa sababu ya mkono, kwamba kusuka kunataka mikono miwili. Wa kushoto ulikuwa umekunjika kama wa mtu aliyebeba mtoto. Aliniamkia shikamoo kama zamani, akanitengenezea chai kwa mkono mmoja na hakutaka nimsaidie. Nilimkabidhi blauzi. Aliifungua mapajani, akapapasa mahali mikono mirefu ilipokuwa imeungwa, ambapo matundu ya sindano yalibaki.

Nilimwambia nilichokwenda kumwambia, kwamba siku ile niliona. Kwamba niliona kila kitu nikajifanya natafuta uzi, na kwamba naomba anisamehe kama inawezekana.

"Nyumbani nilikuwa na sweta za mikono mirefu, Mama, na blauzi pia," alisema. "Kazini miaka yote nilivaa hizo. Siku ile nilichagua fulana ili uone."

"Niliona, mwanangu."

"Najua uliona. Ndiyo maana sikumwonyesha mtu mwingine tena."

Akaikunja blauzi kwa mkono wake mmoja, pindo juu ya pindo, vizuri, akanirudishia.